Kufuma mkeka wa korai kwa njia ya wafumaji wa Pattamadai

Pattamadai ni mji mdogo, na kwa maisha yake ni kijiji hasa, katika wilaya ya Tirunelveli kusini kabisa mwa jimbo la Tamil Nadu, India. Karibu yake hupita mto Tamiraparani, na kandokando ya maji hayo huota korai, nyasi ndefu za jamii moja na ndago na mafunjo. Kwa nyasi hizo familia za Waislamu wa Kitamil wanaoitwa Labbai, hasa wanawake, hufuma mikeka inayojulikana India nzima. Ile iliyo bora kabisa huitwa pattu pai, mkeka wa hariri, ingawa hakuna uzi wa hariri ndani yake. Ni nyasi zilizochanwa nyembamba mno mpaka mkeka unakunjwa kama kanga. Watu wa huko husimulia kwa fahari kwamba mmoja wao alipelekewa Malkia Elizabeth II alipotawazwa mwaka 1953. Katika mwaka wa usajili wa 2012–2013 mkeka huo uliingizwa katika orodha ya India ya bidhaa zinazolindwa kwa jina la mahali zinapotoka.

Naandika mwongozo huu kwa ajili ya watu wanaoijua mikeka yetu na wangependa kujaribu njia nyingine. Mkeka wa ukindu tunausuka ukili kwanza, kisha tunazishona zile ukili pamoja. Mkeka wa korai haushonwi. Unafumwa mara moja kwenye kitanda cha kufumia, nyuzi za pamba zikiwa ndiyo mtande, yaani zile zinazotegwa kwa urefu, na nyasi zikiwa ndiyo mshindio, yaani zile zinazopitishwa kukatiza mtande. Aliyezoea ukili ataona mikono inataka kwenda kwingine siku za mwanzo. Hilo linazoeleka. Lisilosamehewa ni haraka wakati wa kuandaa nyasi, kwa maana ulaini wa mkeka huu unaamuliwa na kisu na maji kabla hujagusa kitanda. Kwa hiyo hatua za mwanzo nitazieleza kwa kirefu, na za kufuma kwa ufupi kidogo.

Tuanze na mkeka mdogo wa upana wa sentimita 40 na urefu wa sentimita 60. Unatosha kuwa msala wa mtoto au kutandikwa mezani, na utakufundisha kila kitu ambacho mkeka mkubwa ungekufundisha.

Vitu vya kuandaa

Nyasi mabua kama 200, kisu kidogo chenye makali sana, pipa au beseni refu, uzi wa pamba imara uliosokotwa (ule wa kushonea magunia ni mnene mno, tafuta mwembamba kuliko huo), fito mbili za mwanzi za nusu mita na ushei, vigingi vinne, kamba, ubao mwembamba wa upana wa vidole vitatu, kijiti kilichonyooka, na jiwe laini la mtoni linaloenea kiganjani. Jiwe lisahau kwa sasa, lakini usiliache, maana lina kazi yake mwishoni.

Hatua ya 1: Kupata nyasi

Korai ina bua refu lisilo na vifundo wala majani katikati, lenye pembe tatu ukilikata na kulitazama. Kwa nje lina ganda linalong'aa, kwa ndani lina moyo mweupe laini kama sponji. Hizo ndizo sifa unazozitafuta ikiwa uko Afrika Mashariki, ambako jamaa zake wapo wengi kwenye kingo za mito, majaruba ya mpunga na ziwa Viktoria. Wasomaji wa Rwanda wanaufahamu urukangaga, ambao nao hutengenezewa mikeka. Mafunjo yenyewe ni manene mno kwa kazi hii. Matete hayafai kabisa, kwa sababu yana vifundo na hupasuka ovyo.

Kata mabua yakiwa bado mabichi ya kijani, kabla ya kichwa cha maua kukauka na kuwa kahawia. Bua lililokomaa kupita kiasi linakuwa na ganda gumu linalovunjika pindi linapokunjwa. Kata karibu na ardhi kwa mundu, kata ncha yenye maua, na uyapange kwa urefu palepale ulipo. Usiyachanganye marefu na mafupi ukidhani utayachambua nyumbani. Shina likishaachwa la kutosha ardhini, huchipua tena, hivyo usiling'oe na mizizi.

Hatua ya 2: Kuchana bua bichi

Hii ndiyo hatua ambayo mtu akikaa na mfumaji hodari angeshangaa kuona inavyokwenda kasi, na akijaribu mwenyewe angeona inavyohitaji utulivu. Chana bua siku ileile ulipolikata au kesho yake. Likianza kunyauka, kisu hakifuati mstari tena.

Shika bua kwa mkono usio na kisu, upande wa shina ukiwa kwako. Anzisha mpasuko mdogo kwa ncha ya kisu katikati ya pembe moja na nyingine, kisha acha kisu kitulie na vuta bua likipita juu ya makali. Mkono wenye kisu haukimbii, bua ndilo linalosogea. Mpasuko ukianza kwenda upande mmoja, pinda kidogo ule upande mnene kuelekea nje, nao utarudi katikati. Wachanaji wa ukindu wanaijua hila hii.

Kwa mkeka wa kawaida bua moja hutoa chane mbili au tatu. Kwa mkeka laini linagawanywa zaidi. Mara ya kwanza ridhika na chane tatu kwa kila bua. Kisha laza kila uchane juu ya ubao, ganda likiwa chini, na upitishe kisu kikiwa kimelala ili kuondoa ule moyo mweupe. Usiukwangue wote mpaka ganda likatoboka. Unachotaka ni ganda lenye utando mwembamba wa nyama ndani, basi. Moyo ukiachwa mwingi, uchane unavimba vibaya ukiloweshwa na mkeka unakuja kuota ukungu kwa ndani, mahali usipoweza kuufikia.

Sasa anika juani. Ganda la kijani litageuka rangi ya dhahabu iliyopauka, na uchane utajikunja kwa ndani mpaka uwe kama uzi wa duara, ganda likiwa nje pande zote. Ndiyo sababu mkeka wa korai unang'aa juu na chini. Tandaza chane zisilaliane, zigeuze mara kwa mara, na ziingize ndani kila jioni kabla umande haujashuka. Mvua ikizinyeshea wakati huu zinapata madoa meusi ambayo hakuna rangi itakayoyaficha. Jua kali la siku mbili tatu linatosha. Zikikauka sawasawa, ukizishika kiganjani zinachakarika kama majani makavu.

Hatua ya 3: Kuloweka

Ukiwauliza watu wa Pattamadai kwa nini mikeka yao ni laini hivyo, jibu mara nyingi linaelekea mtoni. Chane zilizokauka hufungwa matita na kulazwa ndani ya maji yanayopita, zikikandamizwa kwa mawe, kwa siku kadhaa hadi kufika wiki. Humo hunywa maji na kuvimba mara tatu hivi ya unene wake. Nyama iliyobaki kwenye ganda inalainika na kuachia, na yale maji yanayopita yanachukua utomvu na uchafu.

Maji yanayopita ni neno la kuzingatia. Maji yaliyotuama huozesha. Uchane uliooza hauonekani kwa macho mapema, ila utaunusa, na utakatika utakapoukunja pembeni mwa mkeka.

Kwetu sikushauri usimame mtoni au ziwani ukiloweka nyasi. Kichocho kipo katika maji mengi ya ukanda wetu, na kuna sehemu zenye mamba. Tumia pipa nyumbani. Zamisha matita, weka jiwe juu, na ubadilishe maji yote asubuhi na jioni bila kuruka. Kuanzia siku ya tatu toa uchane mmoja kila siku na uujaribu: uzungushe kwenye kidole cha shahada. Ukizunguka bila kupasuka ganda na bila kuteleza utelezi wa kuoza, umefika. Kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam utafika mapema kuliko kwenye baridi ya Iringa, kwa hiyo fuata kidole chako kuliko kalenda.

Ukitoa chane majini, zipitishe moja moja katikati ya kidole gumba na mgongo wa kisu ili kukamua na kuondoa nyama iliyolegea. Huu pia ndio wakati wa kuchana tena zile unazotaka ziwe nyembamba zaidi, maana ganda lililolowa linakubali. Kisha anika tena, safari hii kivulini penye upepo.

Kazi hii inachosha mgongo na haina cha kuonyesha. Mtu anayepita anaona rundo la nyasi mvua. Lakini hakuna ufundi wa kitandani unaoweza kuponya uchane ulioandaliwa vibaya, na ndiyo maana naona bei ya mkeka wa Pattamadai, ambayo huwashtua wanunuzi, ni halali kabisa.

Hatua ya 4: Rangi

Rangi ya zamani iliyo maarufu ni nyekundu inayotokana na mti wa sapani, ambao vipande vyake huchemshwa mpaka maji yawe kama damu ya mzee. Siku hizi wafumaji wengi hutumia rangi za viwandani, na nyekundu, kijani na nyeusi ndizo unazoziona zaidi kwenye mikeka ya kale na ya sasa.

Wewe tumia rangi za unga zinazouzwa sokoni kwa ajili ya ukindu. Zinashika vizuri kwenye ganda la ndago. Chemsha maji, koroga rangi mpaka iishe madonge, tumbukiza chane zilizoloweshwa kwanza (kavu hushika mabaka), na uache zichemke kwa moto wa wastani. Suuza kwa maji baridi mpaka yatoke meupe. Usipofanya hivyo, mkeka utampaka rangi atakayeulalia. Kwa mkeka huu mdogo paka rangi theluthi moja tu ya chane. Rangi ya asili ya korai ndiyo uzuri wake mkubwa, na rangi nyingine ziko pale kuisindikiza.

Hatua ya 5: Kutega mtande

Kitanda cha Pattamadai kinalala chini. Fito mbili za mwanzi hufungwa kwa kamba kwenye vigingi vinne vilivyopigwa ardhini, na nyuzi za mtande huvutwa kati yake. Mfumaji huketi juu ya ubao, akasogea mbele kadiri mkeka unavyokua. Nyuzi hupitishwa kwenye upau mzito wa mbao wenye matundu, na upau huohuo ndio unaotenganisha nyuzi za juu na za chini na ndio unaopigia mshindio ukae. Kuutengeneza kunahitaji fundi seremala mwenye mkono mzuri. Kwa mkeka wa kwanza nitakupa njia nyepesi inayofanya kazi ileile.

Piga vigingi ili fito ziwe mbali mita moja kutoka moja hadi nyingine. Tia alama kwa kalamu kila sentimita moja kwenye kila ufito, alama 41 kwa kila mmoja. Funga uzi kwenye alama ya kwanza ya ufito ulio karibu nawe, upitishe juu ya ufito huo na kuuteremsha chini ya ufito wa mbali, uzunguke, upande juu yake, urudi uingie chini ya ufito wa karibu. Uzi unachora namba 8. Endelea hivyo mpaka alama zote ziishe. Nyuzi zitapishana katikati, na mpishano huo ni mali: ndio unaozigawa nyuzi za witiri na za shufwa bila wewe kuhesabu. Nyuzi mbili za pembeni kabisa, kulia na kushoto, zitie mara mbili, kwa kuwa ndizo zinazobeba mkunjo wa kila uchane.

Vuta kamba za vigingi mpaka nyuzi zilie kama ukizipiga kwa kidole. Zote zilie karibu sauti moja. Uzi uliolegea utaleta tumbo kwenye mkeka, na tumbo hilo halitoki.

Upande wa mbali wa mpishano, ingiza ule ubao wa vidole vitatu kati ya nyuzi za juu na za chini. Ukiusimamisha kwa ubavu, nyuzi za juu zinanyanyuka na mwanya wa kwanza unafunguka. Kisha laza kijiti juu ya mtande, upande wako wa ubao, na kwa uzi mwingine funga vitanzi vinavyoshika kila uzi wa chini na kuuning'iniza kwenye kijiti. Ukilaza ubao na kuinua kijiti, zile za chini zinapanda na mwanya wa pili unafunguka. Jaribu mara kadhaa mpaka mikono izoee: ubao, kijiti, ubao, kijiti.

Hatua ya 6: Kufuma

Kata chane ziwe na urefu wa sentimita 50, ili kila upande ubaki wa kukunja. Zinyunyizie maji na uzifunike kwa kitambaa chenye unyevu. Usizitumbukize majini tena. Chane zilizolowa mno hukauka baadaye ndani ya mkeka na kuacha mianya.

Fungua mwanya na upitishe uchane wa kwanza. Kule Pattamadai uchane hufungwa kwenye ncha ya fimbo ndefu nyembamba inayousukuma hadi ng'ambo. Kwa upana wa sentimita 40 mkono unatosha. Vuta usawazike, upige kuelekea kwako kwa ubao, badilisha mwanya, pitisha wa pili.

Kila uchane una upande mnene wa shina na upande mwembamba wa ncha. Wa kwanza uingize shina likiwa kulia, wa pili shina likiwa kushoto, na uendelee kupishanisha hivyo hadi mwisho. Ukisahau, upande mmoja wa mkeka utakua kwa kasi kuliko mwingine na mwisho wake utakuwa umepinda kama mundu.

Pembeni, ncha ya uchane inayotokeza ikunje kuuzunguka uzi wa mwisho na uirudishe ndani ya mwanya unaofuata, ilalie sambamba na uchane mpya. Ikunje ikiwa na unyevu, na usiivute mpaka uzi wa pembeni uingie ndani. Upana wa mkeka uupime kila baada ya chane kumi. Ukiona sentimita 40 zimekuwa 38, mkono wako unavuta.

Kuhusu nakshi, anza na mistari. Fuma vidole viwili vya rangi ya asili, kisha chane sita nyekundu, mbili za asili, sita nyekundu, ndipo uendelee na sehemu ya katikati. Upande wa mwisho rudia hesabu hiyo kinyume. Mikeka ya harusi ya Pattamadai hufumwa majina ya bibi na bwana harusi pamoja na tarehe ya ndoa, na kwa ajili hiyo nyuzi za mtande huinuliwa kwa kuhesabiwa mkono kwa mkono. Hilo ni daraja la watu walioanza utotoni. Lifikirie baada ya mikeka mingi.

Usifume jua la mchana kali. Asubuhi na jioni chane zinabaki na unyevu na hazikatiki. Ukisimama, funika kazi yako.

Hatua ya 7: Kumalizia

Ukibakiza kiasi cha kiganja kabla ya ubao kukosa nafasi, acha. Kata nyuzi za mtande kutoka kwenye fito, mbili mbili, na uzifunge fundo lisilokazwa bado kwenye mshindio wa mwisho. Kata ncha za nyasi zilizochomoza chini na juu kwa kisu au mkasi, karibu kabisa.

Anika mkeka juani kwa saa chache mpaka ukauke kabisa, ukiwa umenyooshwa. Chane zitakuwa zimesinyaa kidogo, kwa hiyo zisukume kwa vidole zikaribiane kabla ya kukaza mafundo ya mwisho. Sasa lile jiwe. Laza mkeka juu ya sakafu ngumu, usugue kwa jiwe kufuata urefu wa nyasi, taratibu, eneo kwa eneo. Magamba ya ganda yanalala, mng'ao unatoka, na mkeka unalegea mkononi. Tofauti kati ya mkeka uliosuguliwa na usiosuguliwa utaihisi hata ukiwa umefumba macho. Mwisho, shonea utepe wa kitambaa kwenye pande mbili zenye mafundo.

Ukinunua badala ya kufuma

Sokoni India utakutana na mikeka mingi ya aina hii, na si yote ya Pattamadai. Killimangalam katika jimbo la Kerala wanafuma korai pia. Wilaya za Medinipur huko Bengali Magharibi zina madurkathi, na ule mwembamba wao wa kifahari huitwa masland. Sitalpati ya Cooch Behar, hukohuko Bengali Magharibi, ni ya mmea mwingine kabisa na husukwa bila kitanda; kazi kama hiyo ya Sylhet, Bangladesh, iliandikishwa na UNESCO mwaka 2017. Yote ni mikeka ya heshima. Unayopaswa kuikwepa ni ile ya plastiki inayoigiza nakshi za korai na kuwanyima wafumaji riziki.

Kuutambua mkeka mzuri, ukunje mara mbili, mara nne. Ukigoma au kuchakarika, ni wa daraja la chini au umekaa ghalani. Uinue dhidi ya mwanga: mianya iwe midogo na ya ukubwa mmoja. Tazama pembeni kama mikunjo imelala sawa. Kisha unuse. Korai njema ina harufu ya majani makavu. Harufu ya kinamasi ina maana mtu alikosa subira ya kubadilisha maji.

Nyumbani uhifadhi kwa kuuzungusha, si kuukunja kwa miezi. Ukichafuka, upanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo na uanike kivulini. Sabuni ya unga inakula rangi, na jua la muda mrefu linalifanya ganda livunjike.